Karo za Shule za Binafsi na Mfuko wa Mfanyakazi

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa tawi letu la Reli. Halmashauri ya tawi imeomba yapigwe chapa ili wenzetu waliokuwa zamuni wayasome.)



Mkutano uliopita ulituagiza sisi watatu wa karakana tuchunguze jambo la karo katika shule za binafsi, tuulize sheria inasema nini, kisha tuje tuseme. Hakuna mmoja wetu aliye wakili. Tulisoma shule za msingi za misheni, tukaingia reli, na elimu yetu kubwa ni ya spana na grisi. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 tumeisoma kwa Kiingereza chake, polepole, mmoja akisoma na wawili wakisikiliza, na mahali pagumu tulipasoma mara tatu. Yale tuliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza yatupasa kuwajibu ndugu waliosema mkutanoni kwamba karo ni mambo ya nyumbani wala si mambo ya chama. Walisema chama ni cha mshahara na saa za kazi. Sisi twasema hivi. Chama hukaa mezani na mwajiri mwaka mzima, barua zikienda na kurudi, hata siku moja nyongeza inapatikana nasi twapiga makofi. Tuchukue mfano wa fundi aliyepata nyongeza ya shilingi 1,500 kwa mwezi. Kabla hazijafika mfukoni, NSSF wamechukua fungu lao, Bima ya Afya ya Jamii asilimia 2.75, makato ya nyumba asilimia 1.5, na kodi ya mapato. Kwa mtu aliye katika ngazi ya kodi ya asilimia 30, kinachobaki ni chini ya shilingi 1,000.

Fundi huyo ana watoto wawili katika shule ya binafsi, na tuseme karo ni shilingi 15,000 kwa muhula kwa kila mtoto. Mihula ni mitatu, basi mwaka mzima atoa shilingi 90,000. Mwezi wa Disemba, watoto wamekwisha funga shule, mwenye shule aandika karatasi moja, aituma kwenye simu: kuanzia Januari karo ni shilingi 17,000. Hesabu yake ni nyepesi. Shilingi 2,000 kwa watoto wawili kwa mihula mitatu ni 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kila mwezi. Nyongeza yote tuliyoipigania imekwenda, tena na kidogo juu yake. Mwajiri alijadiliana nasi mwaka mzima. Mwenye shule hakujadiliana na mtu. Mkisema hilo si jambo la chama, basi tuambieni mshahara ni kitu gani.

Ndugu mmoja wa kitengo cha ishara aliuliza swali la haki: kwa nini msiwapeleke watoto shule za Serikali, zisizo na karo? Wengi wetu ndiko walikowapeleka, na hatuwadharau walimu wa huko, maana wanafanya kazi kubwa kwa vitu vichache. Lakini wote mwajua jinsi miji yetu ilivyokua. Zipo sehemu za Nairobi, kama Mukuru na nyinginezo, ambako watu ni wengi sana na shule za umma ni chache, na mtoto wa miaka sita hana budi kuvuka barabara kubwa, au reli yenyewe, ili kufika darasani. Sisi tuendeshao magari ya moshi twajua vema maana ya mtoto kukatiza reli asubuhi. Tena mfanyakazi wa zamu, ambaye mke wake naye yuko kazini, ataka shule itakayokaa na mtoto hata jioni. Kwa hiyo shule za mabati zilizo katikati ya vibanda zimejaa watoto wa wafanyakazi wala si watoto wa matajiri. Asemaye "shule ya binafsi" akafikiri ni farasi na bwawa la kuogelea, huyo hajapita nyuma ya stesheni zetu.

Ugomvi huu wa karo ni wa zamani. Wazee wetu waliokaa katika nyumba za reli za Muthurwa walizoea kuhesabu senti za shule, na baada ya Uhuru walichanga tena kwa shule za Harambee, ambazo mara nyingi karo yake ilikuwa juu kuliko ya shule za Serikali. Tarehe 12 Disemba 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba karo ya darasa la kwanza hata la nne itaondolewa, na Januari 1974 watoto walifurika. Hesabu ya darasa la kwanza ilipanda zaidi ya mara mbili. Lakini madarasa hayakuwapo, wala fedha za kuyajenga. Ndipo zikaja fedha za majengo, na wazazi wengi wakajikuta wanalipa kwa jina hilo jipya zaidi ya walivyolipa kwa jina la karo. Mwaka 1988 Serikali ikatangaza mpango wa kugawana gharama, na mzigo ukarudi nyumbani waziwazi. Kisha mwaka 2003 karo ya shule za msingi ikaondolewa tena, Serikali ikitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, nao waliojiandikisha wakapanda kutoka kama milioni 5.9 hata milioni 7.2. Madarasa yakajaa, na wazazi waliokuwa na uwezo kidogo wakawatoa watoto wao. Shule nyingi ndogo za binafsi tunazozisema leo zilizaliwa au zilikua wakati huo.

Tumeyasema hayo ili mjue kwamba kuondoa jina la karo hakutoshi. Pesa zina majina mengi.

Sasa twende kwenye sheria. Kwa shule za umma, maneno yako wazi. Kifungu cha 29 cha Sheria ya 2013 chasema kwamba shule ya umma haitatoza karo ya masomo. Malipo mengine yaweza kuwapo ikiwa Waziri amekubali baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, lakini mtoto hawezi kukataliwa shuleni kwa sababu hakulipa malipo hayo. Tena mtu yeyote asichukue mchango bila kutoa risiti rasmi. Kwa sekondari, Serikali ilitangaza viwango mwaka 2015, na mwaka 2018 iliweka kiwango cha kutoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Bweni la shule za kitaifa liliwekewa kikomo cha shilingi 53,554.

Twataka mwangalie jambo moja lililotokea mwaka 2021. Baada ya shule kufungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona na kufunguliwa kwa wote Januari 2021, mwaka wa masomo ulibanwa kutoka majuma 39 hadi 30. Serikali ikasema: ikiwa majuma yamepungua, chakula na maji na umeme navyo vimepungua, kwa hiyo bweni la 53,554 litakuwa 45,000. Mwaka 2023, kalenda iliporudi mahali pake, karo nayo ikarudi. Hapo pana hesabu mtu aweza kuifuata. Je, katika shule za binafsi majuma yalipopungua, karo ilipungua? Wako wenye shule wenye moyo waliopunguza, nasi twawashukuru. Wengine walitoza muhula mzima kwa muhula mfupi, na mihula ikafuatana mbiombio hata mzazi hakupata nafasi ya kupumua. Hao hawakuvunja kiwango chochote, kwa kuwa kiwango hakikuwapo.

Maana hilo ndilo tuliloliona tuliposoma. Sheria inamtaka mwenye shule ya binafsi aandikishe shule yake, aajiri walimu walioandikishwa na Tume ya Kuajiri Walimu, awe na majengo na vifaa vinavyofaa, na apeleke hesabu za wanafunzi kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mkaguzi aweza kuingia akatazama choo. Aweza kuuliza cheti cha mwalimu. Lakini juu ya karo itakuwa kiasi gani, itapanda lini, na mzazi aambiwe siku ngapi kabla, hatukupata kiwango wala utaratibu. Sheria imeagiza kila shule ya msingi na ya sekondari, ya umma na ya binafsi, iwe na chama cha wazazi.  Lakini karo inapopandishwa, mzazi wa shule ya binafsi anasimama peke yake mbele ya ofisi, kama kibarua wa zamani asiye na chama mbele ya nyapara. Atakalolisikia ni lile lile kibarua alilolisikia: hupendi, ondoka.

Hata hivyo hatuko uchi kabisa, na haya yashikeni. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulindwa katika masilahi yake ya uchumi, na kifungu hicho chawahusu watu binafsi pia, wala si Serikali peke yake. Twaona kwamba mzazi anayelipa karo ni mnunuzi wa huduma kama mwingine yeyote. Pili, Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 yasema cheti cha mtihani kisizuiwe na mtu wala taasisi yoyote. Deni la karo ni deni, na mwenye shule aweza kulidai kwa njia ya madeni, lakini cheti si kuku wa kufungwa mguu hata mwenyewe alipe. Wako wanachama hapa ambao vijana wao wamekaa miaka bila vyeti. Wasikae tena. Tatu, masomo ya likizo, hayo tunayoyaita tuisheni, yamekatazwa na kifungu cha 37 cha Sheria ya 2013, na anayevunja aweza kutozwa faini hata shilingi 100,000 au kufungwa hata mwaka mmoja. Mkiletewa karatasi ya likizo yenye malipo ya tuisheni ya lazima, ulizeni kwa upole imeandikwa kwa sheria gani.

Sasa tulijiuliza kama iko nchi yoyote iliyothubutu kumwekea mwenye shule utaratibu, ama twaota ndoto tu. Zipo.

Wengi wenu mna ndugu na dada wanaofanya kazi Dubai. Huko shule nyingi ni za binafsi, na iko mamlaka ya Serikali inayozikagua. Kila mwaka mamlaka hiyo hutazama jinsi gharama za kuendesha shule zilivyopanda, mishahara, kodi ya nyumba na mengine, kisha hutoa kipimo kimoja. Kwa mwaka wa 2023 na 2024 kipimo kilikuwa asilimia 3. Mwaka uliofuata kilikuwa asilimia 2.6, na kwa 2025 na 2026 asilimia 2.35. Kabla ya hapo, kwa miaka mitatu tangu wakati wa korona, hakuna aliyeruhusiwa kupandisha. Lililotupendeza zaidi ni hili: mwaka 2023 walifunga nyongeza na ukaguzi. Shule iliyobaki katika daraja lake iliruhusiwa asilimia 3. Iliyotoka daraja la chini ikapanda iliweza kupata hata asilimia 6. Iliyoshuka haikuruhusiwa hata senti. Huo ni utaratibu ambao mtu wa reli anauelewa mara moja, kwa maana hata sisi hatupandishwi cheo kwa kuharibu injini.

Nchini India jambo hili limepiganiwa mahakamani miaka mingi. Mahakama Kuu Kabisa ya huko ilisema mwaka 2002 kwamba shule na vyuo vya binafsi visivyochukua fedha za Serikali vina uhuru wa kupanga karo, na vyaweza kubaki na ziada ya kiasi kwa kujiendeleza, lakini visifanye elimu kuwa biashara ya kunyonya. Baada ya hapo majimbo yakatunga sheria, kila moja kwa njia yake. Tamil Nadu walifanya hivyo mwaka 2009, wakaweka kamati chini ya jaji mstaafu, nayo hupanga karo ya shule kwa miaka mitatu. Gujarat mwaka 2017 waliweka namba kabisa: rupia 15,000 kwa mwaka kwa shule ya msingi na 25,000 kwa sekondari, na shule inayotaka zaidi iende mbele ya kamati ikafungue vitabu vyake. Rajasthan mwaka 2016 waliweka kamati ndani ya kila shule, upande wa wenye shule watu watano na wazazi watano, na karo ikikubaliwa yakaa miaka mitatu. Wenye shule walikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo. Tarehe 3 Mei 2021 Mahakama Kuu Kabisa iliithibitisha, tena ikaamuru karo ya mwaka wa korona ipunguzwe asilimia 15, ilipwe kwa mafungu sita, na mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu ya deni hilo.

Lakini tulipoichunguza ile kamati ya Rajasthan tuliona kasoro, nayo yatuhusu sana sisi watu wa chama. Wale watano wa upande wa shule ni mjumbe wa wenye shule, mwalimu mkuu, na walimu watatu. Nani anawachagua walimu hao watatu? Wenye shule. Mwalimu aliyeteuliwa na bosi wake, anayelipwa na bosi wake, akae mezani ainue mkono kumpinga bosi wake? Hayo tuliyaona zamani katika kamati nyingi za kazini, ambako "mjumbe wa wafanyakazi" alichaguliwa ofisini.

Jirani zetu wa Tanzania nao mnamo 2015 na 2016 walizungumza sana juu ya ada elekezi, yaani Serikali itoe kiwango cha kuongoza shule za binafsi, lakini mwishowe jambo hilo likaachwa. Twaona si rahisi kuweka bei moja kwa shule ya mabati na shule ya ghorofa.

Na hapa ndipo palipotupa shida kubwa, ndugu. Tulipokuwa tukiulizana mambo haya katika karakana, mwenzetu mmoja ambaye mke wake ni mwalimu katika shule ya binafsi alitusimamisha. Alisema: "Ninyi mkikaza karo, mwenye shule hatakula hasara yeye. Atamkata mke wangu." Tulinyamaza kidogo. Alisema kweli. Katika shule, fungu kubwa la fedha ni mishahara. Mwalimu wa shule ndogo ya binafsi mara nyingi hulipwa kidogo kuliko mwenzake wa Serikali, hana nyumba ya kazi, na likizo ya Disemba wengine hawalipwi kabisa. Mwaka 2020 shule zilipofungwa, walimu wengi wa binafsi walikaa miezi bila mshahara, na wako waliouza mboga barabarani. Je, chama cha wafanyakazi kiombe sheria itakayomshibisha mzazi mfanyakazi kwa kumnyima mwalimu mfanyakazi?

Tulibishana juu ya hilo siku mbili, na hivi ndivyo tulivyoona. Mwenye shule anapopandisha karo husema kila mara kwamba ni kwa ajili ya mishahara ya walimu. Vizuri. Basi na aonyeshe. Fedha za karo zilizoongezeka mwaka jana, ni kiasi gani kilikwenda kwa walimu, kiasi gani kwa wapishi na walinzi, kiasi gani kwa basi jipya, na kiasi gani kwa mwenyewe? Hatutaki kumwona mtu maskini. Mwenye shule aliyekopa benki akajenga naye ana haki ya kupata faida yake. Lakini mzazi na mwalimu wote wawili wanafichwa kitabu kimoja, mzazi akiambiwa pesa zimekwenda kwa mwalimu, na mwalimu akiambiwa wazazi hawalipi. Kitabu kikifunguliwa mbele ya wote wawili, mmoja wa mithili hizo mbili utakuwa uongo, au pengine zote mbili zitakuwa kweli, na hapo tutajua kwamba shule ile kweli haina kitu.

Wenzetu wa KUDHEIHA wanaandikisha wafanyakazi wa taasisi za elimu, na shule za binafsi zimo. Sisi tunashauri halmashauri ya tawi ikutane nao kabla ya kuandika neno lolote kwa Serikali. Mwalimu akiwa na mapatano ya mshahara yaliyotiwa sahihi, karo ikizuiwa kupanda kupita kiasi haiwezi kumshukia yeye kwa urahisi. Bila mapatano hayo, yule mwenzetu wa karakana ana haki ya kutuogopa.

Sasa, ni nini tunachotaka Serikali iweke? Hatuombi bei moja kwa nchi nzima. Kikomo kimoja, kikiwa cha chini, kitafunga zile shule ndogo za Mukuru na watoto watabaki barabarani, na kikiwa cha juu hakitamgusa mtu. Twaomba utaratibu. Karo ya mwaka itangazwe muhula mzima kabla ya Januari, ili mzazi asiyeweza apate nafasi ya kutafuta shule nyingine wala asikamatwe amekwisha kununua sare. Ikitangazwa, isiguswe hata mwaka uishe. Malipo yote yawe katika karatasi moja: masomo, chakula, basi, vitabu, mitihani, safari, na ile "maendeleo" ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikiendelea. Kwa hakika hilo la mwisho lina shida kuliko karo yenyewe, kwa kuwa twajua shule moja ambayo karo yake haijapanda kwa miaka, lakini sare hununuliwa katika duka moja tu, kwa bei ya duka hilo.

Nyongeza nayo ifungwe na kitu kinachoweza kupimwa. Shirika la Takwimu la Taifa hutoa kila mwezi hesabu ya jinsi bei za vitu zilivyopanda. Shule inayoongeza chini ya kipimo hicho iendelee. Inayotaka kupita, iende mbele ya kamati ya shule yenye wazazi waliochaguliwa na wazazi, na walimu waliochaguliwa na walimu wenyewe kwa kura ya siri, ifungue vitabu. Wakishindwa kupatana, Bodi ya Elimu ya Kaunti iamue. Na mtoto asirudishwe nyumbani katikati ya muhula au juma la mtihani. Deni limdai mzazi.

Wengine watasema Serikali haiwezi kusimamia hayo, kwamba hata ile 53,554 ya shule za umma iko miongoni mwa wakuu wanaoipita kwa majina mengine. Ni kweli wako. Lakini mzazi wa shule ya umma akiona hivyo ana karatasi ya kuonyesha ofisini kwa mkurugenzi wa elimu. Sisi twataka nasi tuwe na karatasi.

Njia ipo. Kifungu cha 119 cha Katiba chasema kila mtu ana haki ya kupeleka ombi Bungeni ili sheria itungwe au irekebishwe. Hakihitaji wakili wala bwana mkubwa, chahitaji maneno yaliyopangwa vizuri na sahihi za watu. Lakini Bunge halitasikiliza manung'uniko matupu. Litauliza: ni shule ngapi, karo ilipanda kiasi gani, lini, na mliambiwa siku ngapi kabla?

Kwa hiyo, ndugu, twawaomba jambo moja. Kila mwanachama mwenye mtoto katika shule ya binafsi alete kwa katibu wa tawi risiti zake za mihula mitatu iliyopita, na karatasi au ujumbe wowote wa kutangaza nyongeza. Jina la mtoto lifunikwe, na jina la shule litabaki kwa katibu tu. Asiye na risiti kwa sababu hakupewa, naye aje aandikwe hivyo hivyo. Walio safarini Mombasa na Kisumu waweza kumpa gadi wa gari bahasha iliyofungwa. Ofisi itakuwa wazi kila Jumanne na Alhamisi tangu saa kumi na moja jioni, na ndugu wawili wa karakana watakuwapo kupokea na kuandika katika daftari.